Vijana wa ufundi simu, chagueni bisibisi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaoanza ufundi wa simu. Wengi hununua seti ya bisibisi yenye vichwa vingi kwa bei ya kutupa, wakidhani wingi ndio faida. Haupiti muda, ncha zinapinda na skrubu za wateja zinalika.

Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi niliiharibu simu ya mteja hivyohivyo, nikailipia. Tangu siku hiyo nanunua chache zilizo imara. Za kuanzia ni nne tu: msalaba wa PH000 kwa simu na PH0 kwa kompyuta mpakato nyingi, nyota ya pembe tano ya milimita 0.8 kwa skrubu za chini za iPhone, na ncha ya pande tatu ya Y000 kwa ndani ya iPhone kuanzia toleo la 7. Nyingine mtaongeza kazi ikidai.

Dukani, tafuteni chuma cha S2. Kwa kawaida ni kigumu kuliko kile kilichoandikwa CR-V. Ncha ijae kwenye skrubu bila kucheza, na kofia ya nyuma izunguke huku kidole kimeikandamiza.

Wauzaji nao wamruhusu fundi kujaribu kabla ya kulipa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini kwenye simu, asiyechagua bisibisi hajawa fundi.

Fundi simu,
Kariakoo, Dar es Salaam