Jiko Bovu na Moto wa Uani



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo la nyumbani, ambalo udogo wake waweza kuificha khatari yake.

Mwaka jana jiko letu la gesi la kuchomea nyama liliharibika. Chumvi ya bahari ilikwisha kula vichomeo vyake, na kulitengeneza kukawa ghali kuliko kununua jingine. Kulitupa tukaona ni israfu, kwani sanduku lake, miguu yake na wavu wake vilikuwa vingali vizima. Tukaazimu kuligeuza liwe jiko la kuni la uani, ili jioni za kusi watoto na wajukuu wauzunguke moto, wachome mahindi na mihogo, nasi tupate kuzungumza nao. Siku hizi kila mmoja ana simu yake mkononi, na kikao cha jamaa kimekuwa adimu.

Nia ilikuwa njema, lakini nia njema pasina elimu haitoshi. Tuliondoa mtungi na mpira wake, tukajaza kuni, tukawasha. Upepo ulipoupuliza moto ukakolea, chini ya sanduku pakalegea kama nta, pakatoboka, na makaa yakamwagika karibu na mguu wa mjukuu wetu wa miaka minne. Mwenyezi Mungu alimsitiri. Kilichoungua ni kiatu tu.

Kesho yake alikuja kijana fundi wa kuchomelea, aliyepata kusoma Juzuu Amma chuoni kwetu. Alitwaa sumaku akaigusisha na sanduku, haikushika. Akasema, "Maalim, hii si chuma, ni alumini. Huyeyuka kwa joto la digrii 660, na makaa yaliyopulizwa na upepo huweza kulipita joto hilo." Tuliona haya, kisha tukashukuru. Mwalimu naye hana budi kukaa mbele ya mwanafunzi wake akafunzwa.

Haya basi ndiyo tuliyoyapata kwake, nasi twawapa.

Kwanza, ondoeni mtungi, mpira na vichomeo vyote kabla ya kuwasha chochote. Mtungi uwekwe mbali, mahali penye hewa. Kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini ikingoja cheche.

Pili, jueni madini ya sanduku lenu. Likiwa la alumini, tumieni miguu yake tu, na juu yake wekeni karai nene la chuma. Msitumie ndoo wala bati lililopakwa zinki, kwa kuwa mvuke wake ukivutwa huleta homa.

Tatu, tandikeni ndani matofali makavu ya kuchoma. Msitie mawe ya matumbawe. Wazee wetu wa pwani waliyachoma hayo ili kupata chokaa, basi yatadumuje motoni? Wala msitie mawe ya mtoni, kwani maji yaliyomo ndani hugeuka mvuke yakayapasua.

Nne, toboeni matundu ya hewa, na jiko likae mita 3 au zaidi kutoka nyumbani, mbali na makuti na kamba za nguo. Utazameni na upepo, moshi usije ukamwingia jirani dirishani; naye ana haki yake.

Tano, msiliingize ndani kwa ajili ya baridi hata likibaki makaa matupu. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu usingizini.

Mwisho, Mtume wetu, Swalla Llahu alayhi wa sallam, ametukataza kuuacha moto ukiwaka tulalapo. Majivu hufunika makaa yaliyo hai hata asubuhi. Basi mwagieni maji kidogo kidogo, mkoroge, mmwagie tena, hata pasisikike mlio wala pasionekane moshi.

Leo karai letu lipo uani, na vikao vimerudi. Yule mjukuu haketi karibu na moto kama zamani. Yeye hungoja mwisho wa mazungumzo. Ikifika saa ya kulala husimama mwenyewe, akalete kata, nasi tukamshika mkono, akamwaga. Kisha huinama kusikiliza, na asiposikia mlio wowote hutuambia, "Babu, sasa twende tukalale."

Wabillahi tawfiq.