Daktari wa Familia Si Daktari Aliyeshindwa

Katika harusi na maulidi zetu hapa Kampala, mzazi mwenye kijana anayesomea udaktari huulizwa: atabobea kwenye nini? Akijibu moyo au upasuaji, anapewa mkono. Akijibu tiba ya familia, kimya, kisha mmoja anamliwaza, "Inshaallah atapata nyingine." Jamani! Huu ni ujinga uliovaa kanzu.

Imam Ghazali, aliyefariki 1111, aliuona mapema. Katika Ihyaa aliwalaumu wanafunzi wa zama zake waliosongamana kwenye mijadala ya fiqhi, wakitazamia ukadhi na usimamizi wa wakfu, huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Na tiba ni fardhi kifaya. Toa fiqhi, weka upasuaji wa moyo. Ni sisi hao hao.

Tazameni Uganda yetu. Kituo cha afya cha daraja la nne kimepangiwa kuhudumia watu wapatao 100,000, na ndiyo ngazi ya kwanza ambapo mama aliyekwama kwenye uchungu anatakiwa aweze kupasuliwa. Pale bingwa wa kiungo kimoja atafanya nini? Anatakiwa mtu anayejua kuzalisha, kutibu mtoto mwenye malaria, kufuatilia presha ya babu, na kuuliza nyumba ile wanakunywa maji gani. Ada katika vituo vya serikali zilifutwa 2001, lakini kufuta ada hakumleti daktari kijijini. Daktari Julian Tudor Hart wa Wales aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huwakimbia wanaoihitaji zaidi, hasa soko likiachiwa. Yeye akabaki Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa, akiwapima presha hata wasiojisikia kuumwa.

Na Ramadhani? Mama wa kisukari anayechoma insulini anauliza kama afunge. Shekhe anaijua rukhsa, ila hajui sukari ya mama huyu hushuka saa ngapi. Bingwa humwona mara moja kwa mwaka, nauli ikipatikana. Anayejua ni yule anayemwona kila mwezi.

Mtasema hakuna pesa huko. Ni kweli, tena ndiyo dhuluma yenyewe. Basi misikiti inayochangisha marumaru na mazulia imlipie karo kijana mmoja Makerere asomee tiba ya familia, kwa sharti la kutumikia wilayani. Kamati hukutana baada ya Ijumaa. Liwekeni mezani.