Mtoto hapatikani? Baba naye apimwe

Hapa kwetu Rungwe, ndoa ikimaliza miaka miwili bila mtoto, macho yote humgeukia mke. Ndiye anayeitwa tasa, ndiye anayezungushwa kwa waganga, na mwisho analetewa mke mwenza. Mume hajapimwa hata mara moja.

Huo ni uonevu, tena ni kupoteza muda. Katika takriban nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mwanaume anachangia tatizo, peke yake au pamoja na mkewe. Nguvu za tendo la ndoa si ushahidi. Mtu anaweza kuwa na nguvu zote, lakini mbegu zikawa chache, dhaifu au hazipo kabisa.

Kwa wanawake, sababu kubwa ni mirija kuziba kutokana na kisonono, klamidia au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka. Mayai kutopevuka kwa sababu ya homoni. Uvimbe kwenye kizazi. Na umri kusogea. Kwa wanaume ni magonjwa ya zinaa, mishipa ya korodani kuvimba, matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani, ulevi na sigara.

Mkikaa mwaka mmoja bila kutumia uzazi wa mpango na mimba haijaingia, nendeni hospitali wote wawili. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msisubiri zaidi ya miezi sita. Anzieni Tukuyu au Igogwe. Ikibidi mtapewa rufaa kwenda Mbeya. Kipimo cha mbegu hakina sindano wala kisu, hivyo kifanywe mapema, kabla mama hajaingizwa dawa kwenye kizazi kwa ajili ya eksirei ya mirija.

Tiba zipo. Maambukizi hutibiwa kwa antibiotiki, kwa wote wawili, ingawa dawa hizo hazizibui mirija iliyokwisha kuziba. Kuna vidonge vya kupevusha mayai, na kuna upasuaji. Upandikizaji mimba, uliompa uhai Louise Brown kule Uingereza mwaka 1978, leo unapatikana Dar es Salaam, lakini gharama yake ni mamilioni ya shilingi. Ndiyo maana nasisitiza kuwahi, wakati tiba za bei nafuu bado zinaweza kusaidia.

Nawe mama mkwe, kabla hujamuuliza mkamwana wako mjukuu yuko wapi, muulize kwanza mwanao: umepima?