Propaganda Isiyo na Jina

Jumamosi moja baada ya sala ya jumuiya huko Tengeru, mama mmoja alinionyesha simu yake. "Frateri, hii ni kweli?" Ulikuwa ujumbe wa kisiasa, umeandikwa kana kwamba na mwananchi wa kawaida mwenye uchungu na nchi yake. Sikuwa na jibu. Na aibu yangu ni kwamba ujumbe uleule nilikuwa nimeusambaza jana yake (tulikuwa likizo, ndiyo maana nilikuwa na simu), kwa sababu tu ulinifurahisha.

Neno "propaganda" lina asili ya nyumbani kwetu. Mwaka 1622 Papa Gregori XV aliunda idara ya kueneza imani, Propaganda Fide, na neno likatoka humo. Kueneza jambo si dhambi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilienezwa kwa redio, magazeti na nyimbo. Ilikuwa propaganda, sioni haja ya kuficha. Lakini aliyesikiliza alijua anayesema ni TANU, na aliyekataa alijua anamkataa nani.

Leo msemaji anavaa sura ya jirani. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, Facebook ilifunga akaunti ilizosema zinahusiana na kituo cha serikali cha mawasiliano na wananchi, chini ya wizara ya TEHAMA. Baadhi zilikuwa bandia, zikitoa maoni kana kwamba ni watu wa kawaida. Serikali ikajibu kwa kuifungia Facebook yenyewe.

Hapa kwetu, Desemba 2021, Twitter ilitangaza kuondoa akaunti 268 zilizotuma malalamiko ya hila dhidi ya watu wa Fichua Tanzania. Mbinu yenyewe inashangaza: maneno ya mkosoaji yananakiliwa kwenye tovuti, yanawekewa tarehe ya nyuma, kisha mkosoaji anashtakiwa kwamba ndiye aliyeyaiba! Kampuni haikutaja serikali, nami siitaji. Ila aliyenyamazishwa tunamjua, aliyemnyamazisha hatumjui.

Aristotle anafundisha kwamba msemaji hutushawishi pia kwa tabia yake. Akaunti bandia inaazima tabia ya mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo hata kila neno likiwa sahihi, uongo umeshaingia kupitia jina.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga mitandao. X ilifungiwa nchini Mei 2025, na siku ya uchaguzi, Oktoba 29, intaneti ikazimwa. Kwa siku kadhaa tukabaki kutegemea alichosikia dereva wa bodaboda kutoka kwa abiria wake. Uvumi haukupungua, ulikosa tu wa kuupima.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia yule mama ukweli: nami niliusambaza ujumbe ule, na aliyeuandika simjui.

"Sasa uliutuma wa nini, Frateri?"