Reli Ipo, Ushuru Tunalipa: Treni ya Abiria Bungoma Iko Wapi?

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo, ingawa najua nitazirudia kabla sijamaliza.

Chukua simu ambayo thamani yake pale forodhani ni shilingi 10,000. Kabla haijafika dukani Kanduyi, imeshatozwa shilingi 200 za ushuru wa maendeleo ya reli. Ushuru huu ulianza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazotoka ng'ambo. Baadaye ulipanda hadi 2, ukashushwa tena hadi 1.5 mwaka 2023, na tangu mwisho wa Desemba 2024 umerudi 2. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii akinunua laptopu, analipa. Fundi akinunua waya, analipa. Hakuna anayeuona kwenye risiti, na ndiyo maana hatupigi kelele.

Sasa hebu tuulize: tunalipia reli gani?

Watu wa Nairobi walipata stesheni ya Syokimau Novemba 2012. Mwaka 2020 wakaletewa treni ndogo za dizeli, mitumba kutoka Hispania, nazo zinafanya kazi. Siwaonei wivu. Tena kila kukitajwa kuongeza stesheni nyingine pembeni ya jiji, swali huwa ni lile lile: nani alipe? Wapo wanaosema nauli italipa. Wapo wanaosema tukope. Ninalosema mimi ni kwamba hesabu hiyo wanaifanya kana kwamba walipaji ushuru wote wanashukia Syokimau.

Huku kwetu reli ipo! Si ya kuchora kwenye karatasi. Ni njia ile iliyotoka Nakuru, ikapita Eldoret, Webuye, Bungoma na Malaba, ikafika Kampala 1931. SGR ilipofika Naivasha 2019 na kukwama hapo, hii ya zamani ndiyo iliyokarabatiwa ili mizigo ifike Malaba. Kontena linaweza kupanda treni na kupita Bungoma. Mama mwenye gunia la vitunguu anasubiri matatu ijae.

Hapa ndipo programu zinaporudi. Wenzangu wa kazi hii mnajua ugonjwa wetu: mtu akiona msimbo wa zamani uliojaa viraka, anataka kuufuta aandike upya. Netscape walifanya hivyo. Mwaka 1998 waliamua kuanza upya, na toleo jipya likatoka Novemba 2000. Katika muda huo Internet Explorer ilikuwa imeshajichukulia watumiaji. Msimbo wa zamani una aibu zake, lakini una sifa moja ambayo ule mpya hauna: unafanya kazi leo. Reli ya zamani ni hivyo hivyo. Ni nyembamba, ni ya polepole, ina kona. Lakini kutoka Webuye hadi Malaba nani anahitaji kilomita 120 kwa saa?

Na wasimamizi wetu wanaandika upya. Mwaka 2025 serikali ilieleza mpango wa kuuza mapato ya baadaye ya ushuru wa reli ili kupata fedha za kuipeleka SGR hadi Kisumu na Malaba. Si jambo geni. Kwenye mafuta tunalipa shilingi 25 kwa lita za matengenezo ya barabara, na mwaka huo huo shilingi 7 kati ya hizo ziliwekwa rehani kulipa madeni ya makandarasi. Kwenye reli, kinachouzwa ni zile shilingi 200 za simu ambayo bado hujainunua. Na njia hiyo mpya imepangwa kupitia Kisumu ndipo ifike Malaba.

Ninachotaka ni kidogo. Katika zile asilimia 2, itengwe 0.1 tu, yaani shilingi 10 katika 200 za simu yetu, iwe ya treni za abiria kwenye reli ya zamani nje ya Nairobi. Kwa Bungoma, treni ndogo mbili: safari za asubuhi na jioni, Webuye hadi Malaba. Sheria itabidi iguswe, maana ile ya 2013 ilipoanzisha ushuru huu ilitaja SGR na usafirishaji wa mizigo. Abiria hawakutajwa. Bunge limebadilisha kiwango mara kadhaa, halitashindwa kuongeza neno moja.

Najua pingamizi. Bungoma si Nairobi, watu ni wachache, nauli haitatosha. Kweli, haitatosha. Mahali pengi duniani nauli haitoshi. Makampuni ya Tokyo kama Tokyu yalifaulu kwa sababu yalikuwa na ardhi kando ya njia, yakajenga nyumba na maduka, na faida ya kiwanja ikabeba treni. London walipojenga reli mpya ya kupita katikati ya jiji, tangu 2010 majengo makubwa ya biashara yalilipa nyongeza ya kodi kwa ajili yake, madogo yakaachwa. Kwa nini mwenye viwanja karibu na stesheni ya Bungoma avune bei mpya bila kuchangia hata kidogo? Kaunti inaweza kukusanya. Isiniambie haina uwezo, kwani hiyo hiyo ilijenga barabara ya njia mbili kutoka Musikoma hadi Kanduyi, kilomita sita na ushei, kwa zaidi ya shilingi bilioni 1.

Kuna atakayesema, basi vuteni reli hadi Kibabii na Chwele. Hapana! Mimi niko Kibabii na sitaki. Kutoka hapa hadi stesheni boda boda inatosha, na kila kilomita ya reli mpya ni mkopo mwingine.

Wabunge wetu wa Bungoma wapo Nairobi. Kabla hawajapitisha kingine chochote kuhusu ushuru huu, waombe jedwali moja: fedha zilizokusanywa tangu 2013, mwaka kwa mwaka, na njia ambayo kila shilingi ilikwenda. Wakilipata, walete hata kwa diski. Kulichora na kuliweka mtandaoni ni kazi yangu ya jioni moja, bure.