Ramani ya shamba ibaki kwa mkulima

Kutoka Mpakani
Na Atupele Simkoko

Sisi wa Tunduma, hapa mpakani, tunajua uzito wa karatasi. Lori likija na shaba kamili na turubai limekazwa, lakini likakosa hati moja, litalala foleni. Kahawa ya Mbozi na kakao ya jirani zetu wa Kyela zinaelekea kwenye kizuizi cha namna hiyo, huko Umoja wa Ulaya.

Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2023 inakataa kakao na kahawa iliyotoka kwenye shamba lililofyekwa msituni baada ya Desemba 31, 2020. Kila shamba lazima lioneshwe lilipo kwa vipimo vya satelaiti, na linalozidi hekta 4 lichorwe mipaka yake yote. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, na wapo waliopumua. Mimi sijapumua.

Wakulima wetu wengi hawana cha kuficha. Kyela mikakao hukua chini ya migomba na miti mikubwa. Mbozi ipo mibuni iliyopandwa na mababu. Lakini ukweli huo usipoandikwa, mnunuzi wa mbali hataujua.

Kinachonikosesha raha ni hiki: ramani ikishapimwa, inabaki kwa nani? Kampuni ikigharamia upimaji na kuondoka na vipimo vyote, imemfunga mkulima. Msimu ujao akitokea mnunuzi mwenye bei nzuri zaidi, mkulima hana cha kumwonesha, hivyo atarudi kwa yule yule na kupokea atakachopewa. Tumehangaika na AMCOS, yaani vyama vyetu vya ushirika wa mazao, stakabadhi ghalani na minada ili wanunuzi washindane. Ushindani huo unaweza kuuawa na faili moja tu.

Upimaji ufanywe na AMCOS wakishirikiana na halmashauri, kwa fedha itokanayo na ushuru wa mazao ambao tayari unakusanywa. Kila mwanachama apewe nakala na namba ya shamba lake, na yeye ndiye aamue nani aione.

Tusisubiri bei nzuri. Desemba 2024 tani ya kakao ilipita dola 12,000 katika soko la dunia, na mwaka uliofuata ikaporomoka vibaya. Soko likilegea, mnunuzi huchagua, na mzigo usio na vielelezo ndio unaoachwa ghalani.

Mikutano mikuu ya AMCOS ipo kila mwaka. Mwanachama asimame aulize: shamba langu limepimwa? Nakala yangu iko wapi? Nani mwingine anayo?