Kusomea nyumbani nako kuna karo

Na Mwanaisha Shee

Kila Januari, karo inapopanda na orodha ya vitabu inaporefuka, wazazi huapa kwamba mwaka huu watoto watasomea nyumbani. Wengi wao huwa wanatoa hasira tu. Wiki ya pili mtoto yumo ndani ya basi la shule, sare imepigwa pasi. Wachache hutenda walichosema, na hao ndio huniuliza swali lile lile: mbinu ipi ni bora? Huwa sijibu kabla ya kuwauliza na mimi: una nini cha kulipia? Kila njia ya kumsomesha mtoto nyumbani ina karo yake, ila si yote inayolipika kwa M-Pesa.

Tusilichanganye jambo hili na yale ya 2020. Shule za Kenya zilipofungwa Machi mwaka ule kwa sababu ya korona, na watoto wengi wasirudi darasani hadi Januari 2021, tulichokuwa nacho ni mwalimu wa shule akituma maswali kwenye WhatsApp, na KICD, taasisi ya mitaala, ikirusha vipindi redioni na runingani. Mzazi alikuwa mshika simu. Ninaowazungumzia hapa ni wale waliojitwika mzigo wote kwa hiari yao.

Baadhi yao huihamishia shule sebuleni. Nimeyaona hayo Kitengela, kwa rafiki anayetumia mtaala wa Accelerated Christian Education, ulioanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970. Meza ya kulia ilikuwa imegawanywa kwa vipande vya mbao, kila mtoto na sehemu yake, uso umeelekea ukutani. Kila mmoja alikuwa na vibendera viwili. Akikwama hapazi sauti. Huinua kimoja na kungoja. Akitaka ruhusa ya kwenda kujisahihisha huinua cha pili, kisha huiendea meza ya majibu na kalamu nyekundu mkononi. Saa nzima sikusikia mtoto akigombezwa, na nyumbani kwangu hilo lingekuwa muujiza. Lakini nilichungulia kijitabu cha binti mkubwa: sentensi ina pengo, na neno la kulijaza limekaa aya mbili juu yake. Ukurasa baada ya ukurasa. Sina shaka anasoma. Nina shaka kama kuna siku anaulizwa jambo ambalo halijaandikwa tayari mahali.

Wazazi wale wana sababu zao za imani, nami naziheshimu. Karo yao ni pesa, tena pesa isiyorithika, kwa kuwa kijitabu kikishajazwa mdogo mtu hawezi kukitumia tena. Mwenye nazo zaidi humwajiri mwalimu wa kuja kila asubuhi. Hiyo kwangu ni shule ya kibinafsi yenye mwanafunzi mmoja, tuiache hapo.

Njia iliyoniteka mimi ni ya Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923 baada ya miaka mingi ya kuwafunza walimu na walezi kule Ambleside. Alitaka masomo ya watoto wadogo yawe mafupi, yasizidi dakika ishirini hivi. Alitaka kitabu kiwe kimeandikwa na mtu aliyelipenda jambo lake, si muhtasari uliokaushwa. Kisha kitabu kifungwe, mtoto asimulie alichokisikia kwa maneno yake mwenyewe, na mtu mzima asimkatize.

Mama mmoja wa Bamburi alinikaribisha nione. Alimsomea mwanawe wa miaka minane kisa cha Fumo Liongo, akafunga kitabu, akamwambia, "Haya, nipe." Mtoto akaanza na gereza. Mama yake Liongo kaoka mikate, mmoja wa wishwa, ndani yake kaficha tupa. Askari wakala ile mizuri, ule wa wishwa wakamwachia mfungwa. "Wajinga!" akasema, na akacheka peke yake. Alipofika kwenye kifo akasema Liongo alidungwa sindano ya kitovuni, kama ile ya kliniki. Mama hakumsahihisha. Alisubiri amalize, ndipo akauliza, "Sindano yenyewe ilikuwa ya nini?" Kimya. "Ya shaba." "Na kliniki wana za shaba?" Mtoto akajishika kichwa, akaanza upya sehemu ile, na safari hii akaongeza kwamba aliyedunga alikuwa mwanawe Liongo, jambo alilokuwa amelipita.

Mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kumngojea mmoja hivyo, hata akiwa malaika. Na watu waliolelewa na paukwa pakawa hawana haja ya kuagiza chochote kutoka Uingereza ili waianze njia hii. Mason anatukumbusha tu kwamba kusimulia ni kazi ya mtoto pia, si ya bibi peke yake. Lakini karo yake ni muda, nao ni ghali. Mama yule aliacha kazi ya hoteli. Usiku watoto wakilala, yeye anasoma atakachowasomea kesho. Anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi asijidanganye kwamba ataiweza kwa wikendi.

Halafu kuna wafuasi wa John Holt. Huyu alikuwa mwalimu wa shule Marekani. Mwaka 1964 alitoa kitabu kuhusu jinsi watoto wanavyofeli, akitumaini shule zitabadilika. Hazikubadilika alivyotaka. Kufikia 1977 alikuwa akichapisha jarida la wazazi waliowatoa watoto wao shuleni kabisa, bila ratiba wala mtaala. Mtoto aachwe aishi, alisema, na atajifunza kwa kuyafuata yanayomvutia.

Wengi hulicheka wazo hili, mimi sithubutu. Katika nyumba yenye kazi ndani yake linaweza kuzaa matunda. Mtoto wa fundi cherehani hujua nusu na robo kabla hajaambiwa kwamba hizo ni sehemu. Wa mwenye duka hutoa chenji bila kushika kalamu. Sasa mweke mtoto huyo huyo ghorofa ya tatu, baba ofisini, mama kwenye simu, dada wa kazi jikoni, halafu umwambie afuate yanayomvutia. Atafuata katuni hadi jioni. Karo ya Holt ni nyumba yenye watu wazima wanaofanya mambo mbele ya mtoto na kumwita asogee. Nyumba hizo zinapungua mjini.

Hapa ndipo serikali inapoingia, na inaingia ikiwa na sababu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mwanawe anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na waziri. Uingereza, tangu sheria yao ya 1944, mzazi anaweza kutimiza wajibu huo kwa shule "au vinginevyo", na neno hilo ndilo lililowafungulia wasomeshaji wa nyumbani mlango. Ujerumani wameufunga, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikakubaliana nao. Sisi tumeurudisha tu bila kuutia komeo: wazazi wamewahi kukamatwa, suala likafika Mahakama Kuu, na bado familia nyingi zinasomesha huku zikitumaini chifu hatapita.

Siwezi kumlaumu chifu. Mtoto anayejifunza hesabu kwenye duka la babake na mtoto aliyeajiriwa dukani wanafanana sana ukiwatazama kutoka barabarani. Binti wa miaka kumi na mitatu ambaye "anasomea nyumbani" huenda anasoma, huenda analea wadogo zake, huenda posa yake imeshapokewa. Wanaotaka serikali ikae mbali kabisa huwa wanazifikiria nyumba zao wenyewe, zenye vitabu. Mimi nawafikiria mabinti ninaowajua.

Linaloniudhi ni kwamba mtaala mpya, uliokuja na wito wa kumshirikisha mzazi, ndio unaomsukuma nje mzazi anayefundisha. Mzazi ametengenezeshwa sanamu ya kufukuza ndege, amekusanya vifuniko vya chupa, amechapisha picha saa nne za usiku. Lakini mtoto anapopangiwa sekondari ya juu, asilimia 60 ya alama hutokana na mtihani wa Gredi ya Tisa, 20 na ule wa Gredi ya Sita, na 20 na tathmini za Gredi ya Saba na ya Nane. Tathmini hizo hufanyika shuleni, na shule ndiyo inayozipandisha kwenye mfumo wa KNEC, baraza la mitihani. Mtoto asiye na shule, nani atampandishia? Si ajabu mwenye uwezo hukimbilia mitihani ya Cambridge, inayolipiwa somo kwa somo. Mama wa Bamburi hana uwezo huo, na tathmini za shuleni huanza Gredi ya Nne. Aliniambia atamrudisha mwanawe shule, si kwa kupenda.

Jirani zetu Tanzania wana mtahiniwa wa kujitegemea katika kidato cha nne: anasoma anakojua, anasajiliwa, anafanya mtihani ule ule. Nasi tunaweza kumpa mtoto wa nyumbani nambari yake, tukamwandikisha chini ya shule ya umma iliyo jirani kwa ajili ya tathmini tu, na mzazi akajaza fomu katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo akieleza anafundisha nini na nani anafundisha. Kisha afisa wa ubora apite mara moja kwa muhula, aketi, amwombe mtoto amsomee ukurasa na kumsimulia. Haijalishi kama nyumba ina vibendera, kitabu cha Liongo au cherehani. Mama wa Bamburi atampikia afisa huyo chai. Aliyemficha binti asiyesoma ndiye atakayekawia kufungua mlango, na huyo ndiye tunayemtafuta.